Fahamu: Mtafiti mgeni Zirai hupitia milango mingapi?

Viza haimpi mtu ruhusa ya kuhesabu vyura msituni. Mgeni anayetaka kufanya utafiti Zirai, kata ya Wilaya ya Muheza huko Usambara ya Mashariki, huanza na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kisha huomba Uhamiaji kibali cha ukaazi daraja C, linalowahusu watafiti na wanafunzi. Akitaka kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, nao wana lao.

Hapo bado hajamaliza. Barua ya utambulisho hushuka kutoka mkoani Tanga hadi wilayani, ikafika kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Mgeni husaini kitabu cha wageni, barua ikagongwa mhuri. Mtendaji akiwa safarini, ni kusubiri.

Kwangu mimi, hatua ya mwisho, ya kufahamika kwa wenyeji, ndiyo nzito kuliko zote. Mwenye shamba la iliki haombi kuona kibali, humuuliza mwenyekiti wa kitongoji: "Huyu anayepitapita na daftari, unamfahamu?"