Gunia la Ngumi na Asili Yake

Watu wengi hudhani kwamba gunia la ngozi linaloning'inizwa darini, ambalo wacheza ngumi hulipiga ili kujizoeza, ni kifaa kilichobuniwa juzijuzi tu. Sivyo hata kidogo. Wagiriki wa kale walikuwa nalo, nao waliliita korykos. Vitruvius, fundi mjenzi wa Kirumi aliyeishi katika karne ya 1 kabla ya kuzaliwa Kristo, alipoeleza jinsi nyumba ya mazoezi ya Kigiriki inavyopasa kujengwa, alitaja chumba cha gunia pamoja na vyumba vya kuogea na kujipaka mafuta. Tena mjini Roma, katika jumba la makumbusho la Villa Giulia, kimehifadhiwa chombo cha shaba cha karne ya 4 kabla ya Kristo, kilichopatikana mwaka 1738. Juu yake pamechorwa kijana akipiga gunia, na karibu naye mzee mwenye kitambi anamwiga kwa kulipiga tumbo lake mwenyewe. Yaonekana kwamba wacheza ngumi walifanyiwa mzaha tangu zamani!

Waganga wa Kigiriki walilihesabu gunia kuwa ni dawa ya mwili. Mtu dhaifu alipewa lililojazwa mbegu za tini au unga, na mwenye nguvu alipewa la mchanga. Lilitundikwa hata likalingana na kitovu chake. Alilisukuma kwa mikono miwili, polepole kwanza, kisha kwa nguvu; nalo lilipomrudia alilipokea kwa mikono, au hata kwa kifua. Philostratus, aliyeandika habari za mazoezi hayo katika karne ya 3 baada ya Kristo, alitaka wacheza ngumi wapewe gunia jepesi. Lililo zito aliwawekea watu wa pankration, yaani mchezo uliochanganya ngumi, mateke na mieleka, ili wajifunze kusimama imara linapowajia.

Askari wa Kirumi nao walikuwa na adui wao asiye na roho. Kila kuruta alisimamishiwa nguzo ya mti yenye urefu wa futi 6, akaishambulia kwa upanga wa mti na ngao, vyote vikiwa na uzito mara mbili ya silaha za vitani. Na katika kisiwa cha Okinawa, walimu wa karate huwapa wanafunzi wao nguzo iliyofungwa kamba ya majani ya mpunga, ili vifundo vya vidole viwe vigumu.

Gunia la siku hizi kwa kawaida hujazwa vipande vya nguo. Mchanga mtupu hushuka chini ukashikamana kama jiwe, na anayeupiga aweza kuumia kiwiko cha mkono. Ndiyo sababu mikono hufungwa vitambaa kwanza, kisha huvikwa glavu.

Lakini gunia lina upungufu mmoja, nao ulionekana mjini Kinshasa mwaka 1974. George Foreman, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alilipiga gunia zito mahali pamoja, ngumi baada ya ngumi, mpaka likabonyea, huku mwalimu wake Dick Sadler amelikumbatia kwa nyuma lisiyumbe. Hapo pana tofauti kubwa: gunia la Wagiriki liliachwa limrudie mwenyewe, bali hili lilizuiwa. Foreman alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba alikutana na Muhammad Ali, naye Ali akaegemea kamba za ulingo, akajikinga kwa mikono, akamwacha apige apendavyo. Raundi zikapita, na mikono ya Foreman ikazidi kuwa mizito. Katika raundi ya 8 Ali alitoka kwenye kamba, akarudisha ngumi kwa haraka, na Foreman akaanguka, asiweze kusimama kabla ya mwamuzi kumaliza kuhesabu.