Sura ya 6: Kichaka Kinachotembea

Kitui na Makueni hazijawahi kuwa uwanja wa vita vya vifaru, lakini nyika yake, ya migunga na miti ya jamii ya manemane, inateremka kutoka Mutomo na Kibwezi, ikapita Tsavo, ikafika Taveta. Huko somo la kichaka lilitolewa kwa damu. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walikishambulia kilima cha Salaita wakiwa na ndege, mizinga na magari ya deraya ya Rolls-Royce. Mizinga ikatwanga kileleni, ambako mahandaki yalionekana waziwazi. Kumbe Wajerumani na askari wao walikuwa chini, kwenye mahandaki yaliyofunikwa na vichaka. Brigedi ya Afrika Kusini, iliyopigana upande wa Waingereza, ilipoteza watu zaidi ya 130, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, ikarudi nyuma.

Handaki hukaa ndani ya kichaka kinachoota. Kifaru hakina bahati hiyo: lazima kibebe kichaka chake, na tawi likishakatwa limeanza kufa. Kazi ya tawi hilo si kukifanya chuma kiwe kijani, maana rangi ya kopo ingetosha. Kazi yake ni kuvunja umbo. Macho hunasa kwanza pembe zilizonyooka, magurudumu yaliyopangwa mstari, mng'ao wa kioo na kivuli kizito chini ya tumbo. Ndiyo maana matawi hufungwa yakitokeza nje ya kingo, jani likitazama juu jinsi lilivyoota, kwa kuwa upande wake wa chini mara nyingi umepauka. Hukatwa mbali na maegesho, moja hapa na jingine kule. Visiki vyeupe vilivyosongamana kando ya njia humwambia adui kila kitu.

Halafu kuna majira, na hapa Ukambani, ziliko Kitui na Makueni, unamtesa askari. Mwezi wa Agosti miti mingi ya nyika haina jani hata moja na nchi nzima ni ya kijivu na udongo mwekundu. Kifaru kilichovikwa majani mabichi wakati huo kitaonekana kama bibi harusi matangani. Afadhali nyasi kavu, matawi ya miiba yasiyo na kitu, na tope la hapo hapo. Mvua za vuli zikishika, nyika hubadilika ndani ya wiki chache, na vazi la jana huwa halifai tena. Mti wa mukau una kalenda yake: huchipua ukame ukielekea mwisho, mvua haijanyesha, na wafugaji huwakatia mbuzi. Kwa maoni yangu, kuegesha chini ya mkwaju mkubwa kando ya mto Tiva kunashinda mzigo wowote wa matawi.

Jani hai lina siri isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1910 mwanafizikia wa Marekani, Robert W. Wood, alichapisha picha za infraredi ambamo miti ilitoka myeupe. Jani hufyonza mwanga mwekundu ili lijitengenezee chakula, lakini hurudisha karibu nusu ya infraredi inayoliangukia. Rangi ya kawaida ya kijani haifanyi hivyo, na katika Vita Vikuu vya Pili filamu ya Kodak iliumbua maturubai: mmea hai ulitoka mwekundu, rangi ya kopo ikatoka samawati. Tawi halisi lilipita mtihani huo, mpaka lilipoanza kukauka.

Tofauti hiyo hiyo, kati ya mwanga mwekundu unaofyonzwa na infraredi inayorudishwa, hupimwa Kitui na Makueni kila mwezi, kwa ajili ya mifugo na mashamba. Taarifa za ukame za NDMA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti ukame, hubeba faharasa ya hali ya uoto inayopimwa kwa setilaiti. Ikishuka chini ya 35 kuna upungufu, chini ya 10 ukame umepindukia. Vipimo hivyo hutazama maeneo mapana, kwa hiyo kifaru cha T-72, ambacho mwili wake hauzidi mita 7 bila mtutu, hupotea ndani ya nukta moja. Droni yenye kamera ya joto ni habari nyingine.

Jani lililo mtini hujipoza kwa kutoa maji. Likikatwa na kuwekwa juu ya injini, hupata joto la chuma kilicho chini yake, na likigusa bomba la moshi laweza kuwaka. Kwa sababu hiyo matawi huepushwa na injini na matundu ya hewa, na vilevile na darubini na shingo ya mzinga. Injini ikishazimwa, zaidi ya tani 40 za chuma huchukua saa nyingi kupoa, ilhali hewa ya nyika hupoa mapema usiku. Kifaru kilichoshinda juani kitang'aa kwenye kamera hata kikiwa kimesheheni majani. Wanaojua kazi hutafuta kivuli asubuhi.