Kitabu cha Mkapa na dhahabu ya Geita: vinakutana wapi?

Hayati Benjamin Mkapa alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kabla ya kuwa rais. Kumbukumbu zake, My Life, My Purpose, zilitoka 2019. Kwa nini zimhusu mtu wa Kahama au Geita?

Iko hivi. Miaka ya 1990 nchi ilisaka mitaji. Sheria ya madini ya 1998, Mkapa akiwa Ikulu, iliruhusu wageni kumiliki mgodi asilimia 100, mrabaha wa dhahabu ukiwa asilimia 3. Mgodi wa Geita ukaanza 2000, Bulyanhulu 2001.

Upepo ukageuka 2017. Serikali ilizuia makinikia kwenda nje, ikapandisha mrabaha hadi asilimia 6, ikataka hisa zisizopungua asilimia 16. Sheria nyingine ikasema migogoro ya rasilimali iamuliwe nchini. Acacia wakakimbilia usuluhishi wa kimataifa. Barrick wakakaa mezani na serikali. Januari 2020 wakasaini, ikazaliwa kampuni ya Twiga.

Kumbe diplomasia si suti za mabalozi tu. Ukishika kitabu cha aina hii, uliza mawili: nani anapata kiasi gani, na wakigombana, kesi inasikilizwa wapi?