Asilimia 30 ya Zabuni: Ni Haki ya Nani, na Hupatikanaje?

Kila mwaka wa fedha unapoanza mwezi Julai, idara za kaunti huwa na mpango wa ununuzi: samani za shule za chekechea, vyakula vya wagonjwa hospitalini, ukarabati wa barabara za wadi, uchapishaji, usafi wa ofisi. Zote hizo ni fedha za mwananchi, na sheria haikuziacha kwa wafanyabiashara wakubwa peke yao. Angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ni lazima itengewe biashara za wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma.

Msingi wake ni Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010, kinachotaka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi na ushindani, na kinachoruhusu kuwalinda waliobaguliwa hapo awali. Kanuni za mwaka 2011 zilianza na asilimia 10. Mwaka 2013 kiwango kilipandishwa hadi 30 na mpango unaojulikana kama AGPO ukazinduliwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 ililitia nguvu jambo hilo, na ikaongeza kwamba angalau asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti utengewe wakazi wa kaunti husika.

Kwa Kisumu hili si jambo dogo. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,155,574, na wanawake walikuwa zaidi ya nusu.

Kutengewa si kupewa bure

Zabuni iliyotengwa hushindaniwa na walio katika kundi hilo pekee. Fundi seremala kijana wa Ahero hashindani na kampuni kubwa ya Nairobi, bali na vijana wenzake. Hata hivyo, bei na ubora bado hupimwa, na mzigo ni lazima ufike kwa wakati. Sheria pia inaruhusu kazi kubwa kugawanywa katika sehemu ndogo ili biashara hizi ziimudu, na mwombaji wa zabuni iliyotengwa hatakiwi kuweka dhamana ya zabuni ya benki. Badala yake hujaza na kutia sahihi fomu ya ahadi.

Nani anastahili?

• Mwanamke, kijana aliyefikisha miaka 18 na hajatimiza 35, au mtu mwenye ulemavu, mwenye biashara iliyosajiliwa.
• Kikundi au kampuni ambayo angalau asilimia 70 ya wanachama ni wa kundi linalolengwa, na uongozi wote ni wa kundi hilo.

Hatua za kufuata

1. Sajili jina la biashara, kampuni au kikundi.
2. Pata PIN ya KRA na cheti cha kutimiza ulipaji kodi.
3. Mwenye ulemavu awe amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.
4. Omba cheti cha AGPO kwenye tovuti ya agpo.go.ke. Usajili ni bure. Anayedai ada anadanganya.
5. Fuatilia matangazo ya zabuni kwenye tovuti ya kaunti na ile ya kitaifa ya tenders.go.ke. Cheti pekee hakileti kazi.

Cheti hakiazimwi

Hapa ndipo wengi huumia. Mfanyabiashara mwenye mtaji humfuata mama au kijana mwenye cheti, akamwomba sahihi tu, kisha akafanya kazi mwenyewe na kumwachia mwenye cheti kiasi kidogo cha "asante". Kwenye vitabu vya serikali itaonekana kwamba mwanamke amepata zabuni, kumbe faida imekwenda kwingine.

Hasara haiishii hapo. Mkataba uko kwa jina la mwenye cheti, na kodi inadaiwa kwenye PIN yake. Kazi ikiharibika, yeye ndiye huitwa. Anayetoa habari za uongo kuhusu sifa zake anaweza kuzuiwa kushiriki zabuni za umma kwa muda usiopungua miaka mitatu.

Mtaji na malipo

Sababu kubwa ya kuazima cheti ni ukosefu wa mtaji. Aliyepata LPO anaweza kuitumia kuombea mkopo, ikiwemo kutoka Hazina ya Biashara za Wanawake, badala ya kumtafuta tajiri wa kumsimamia. Malipo kuchelewa ni malalamiko ya wafanyabiashara wadogo katika kaunti nyingi nchini, kwa hiyo mwenye biashara ahifadhi LPO, hati ya kupokelewa kwa bidhaa na nakala ya ankara iliyopigwa mhuri. Bila hizo ni vigumu kudai. Sheria pia inatoa nafasi ya kudai riba kwa malipo yaliyocheleweshwa.

Ukihisi hukutendewa haki

Aliyeshindwa ana haki ya kuelezwa sababu. Asiporidhika, anaweza kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Kukagua Ununuzi wa Umma ndani ya siku 14 tangu alipoarifiwa. Bodi hutoa uamuzi ndani ya siku 21. Kuna ada, na siku 14 zikipita mlango hufungwa, kwa hiyo barua ya matokeo isomwe siku ile ile inapofika.