Raha iliyojengwa kwenye ardhi ya reli

Bustani ya burudani ikifa, watu hutazama mashine zake zilizoota kutu na kuhitimisha kwamba wateja walichoka nayo. Mara nyingi hukumu hiyo ni ya haraka. Steeplechase Park ya Coney Island, New York, ilifunguliwa mwaka 1897 ikafungwa 1964. Mwaka uliofuata Fred Trump aliinunua ardhi yake akitaka kujenga nyumba za makazi, na mwaka 1966 akaibomoa bustani. Nyumba zenyewe hazikujengwa. Ukitaka kujua sehemu ya starehe itadumu miaka mingapi, usianze kuhesabu watu langoni. Uliza kwanza ardhi ni ya nani. Ufuo wa Kisumu, mji wa Kenya kando ya Ziwa Victoria, unathibitisha hilo kuliko ufuo wa mji wowote ninaoufahamu katika ukanda wetu.

Kisumu haikuhitaji gurudumu kubwa la kuzungusha watu angani ili ijiburudishe. Ilikuwa na Lwang'ni: vibanda vya mabati kando ya ziwa, ngege wa kukaanga na ugali, muziki, mashua za kukodi, magari yakioshwa ukingoni. Hapakuwa na tiketi, kwa kuwa bei ya samaki ndiyo iliyokuwa kiingilio, na wikendi palijaa. Lakini ardhi ile ilikuwa na mwenyewe tangu zamani. Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani Desemba 1901, kituo kikaitwa Port Florence, sehemu nzuri ya ufuo wa mji iliwekwa chini ya reli na bandari. Kwa miongo kadhaa biashara ya meli ilididimia, na kuanzia miaka ya 1990 magugumaji yakaziba ghuba mara kwa mara. Mwenye ardhi alipolala, wachuuzi wakaingia. Mwaka 2019 Serikali iliamua kuifufua bandari kwa takriban shilingi bilioni 3. Vibanda vya Lwang'ni vikabomolewa, na klabu ya mashua ya Kisumu Yacht Club, iliyokuwa ya watu wa kipato tofauti kabisa, haikuachwa. Tingatinga halikuuliza nani anakula kwa mkono na nani kwa uma.

Wapo watakaosema Lwang'ni ilistahili kuondolewa kwa sababu ilikuwa chafu, na kwamba bandari ina faida kubwa kwa taifa kuliko sahani ya samaki. Kuhusu uchafu wana haki: kuosha magari ziwani ni kumwaga mafuta na sabuni katika maji ambayo watu wanayategemea. Ila uchafu hutibiwa kwa vyoo, mitaro na kanuni zinazosimamiwa. Mfanyabiashara anayeweza kufukuzwa kesho hatajenga choo leo. Bandari nayo ni muhimu, sina ubishi, lakini haihitaji kila mita ya ufuo. Wengine watakumbusha kwamba ziwa lenyewe lingevichukua vibanda, kwani Mei 2020 kiwango cha maji kilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, kikivuka rekodi ya mwaka 1964. Ni kweli, na maji yaliingia pia Dunga. Hata hivyo Dunga iliendelea na kazi, kwa sababu ni mwalo wa wavuvi wenye kamati iliyotambuliwa chini ya kanuni za usimamizi wa mialo za mwaka 2007. Maji yakishuka, wenyeji wana pa kurudi na chombo cha kuwasemea. Vivyo hivyo Hifadhi ya Swala ya Kisumu, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1992, ni kipande kidogo mno cha ardhi, nayo ipo hadi leo katikati ya tamaa zote za viwanja vya ufuoni.

Sasa michoro ya kupendezesha ufuo wa Kisumu inazungumzwa tena: njia za kutembea, mikahawa, bustani za watoto. Michoro hiyo inapendeza, na hapo ndipo hatari ilipo, maana mchoro haumlindi mpangaji. Kabla shilingi moja haijatumika, Bunge la Kaunti lidai mambo mawili yachapishwe hadharani: hati ya kila kipande cha ardhi ina jina la nani, na mkataba wa wafanyabiashara utadumu miaka mingapi. Pasipo majibu hayo, wakazi wasikubali jiwe la msingi kuwekwa.