Chombo Kinapokataa Usukani: Kutambua Kasoro Kabla ya Kutengeneza

Kwa wakazi wa Jibondo, dau na ngalawa ndiyo njia ya kwenda Kilindoni, sokoni na hospitalini. Msimu wa kusi, chombo cha tanga kinachotoka Kilindoni kurejea Jibondo hakina budi kubisha, na hapo ndipo usukani mbovu hujulikana. Chombo kisichogeuka kwa wakati huweza kusukumwa mwambani kikiwa na abiria.

Kosa la kuepukwa ni kuulaumu usukani kwa kila tatizo. Fundi akiombwa kupanua ubao wa usukani, ilhali kasoro iko kwenye tanga au shehena, ubao huo mpana huzidisha mzigo kwenye pini zinazoushika. Tatizo la awali hubaki palepale, na pini huweza kukatika chombo kikiwa mbali na nchi kavu. Kwa hiyo ukaguzi utangulie msumeno.

Ukaguzi wa ufukoni

Ukaguzi huanza maji yakikupwa na chombo kikiwa kimekaa mchangani. Mtu mmoja hushika kana, yaani mkono wa usukani, isisogee; mwingine hutikisa ubao. Ubao ukicheza huku kana imetulia, kiungo cha kana kimelegea na chahitaji kabari mpya. Usukani mzima ukicheza kwenye nguzo ya nyuma, pini zimelika au matundu yake yamepanuka. Pini hubadilishwa, na mti uliooza hukatwa ukawekwa mzima. Kuongeza misumari kwenye mti uliooza hakutengenezi kitu.

Kana ikiwa nzito hata ufukoni, hutazamwa kama pini zimepinda, kama mbao zimevimba kwa maji, au kama viumbe wa baharini wameganda kwenye viungo. Hao hukwanguliwa.

Ukaguzi wa baharini

Ufukoni kusipoonekana kasoro, chombo hujaribiwa penye maji mapana, upepo ukiwa wa wastani. Jambo moja tu hubadilishwa kwa wakati mmoja, ili chanzo kijulikane.

Chombo kikikimbilia upande wa upepo daima, na nahodha akachoka kukirudisha kwa kana, kwanza hulegezwa demani. Kikitulia, tanga lilikuwa limekazwa mno. Kisipotulia, sehemu ya shehena huhamishwa kutoka omo kuelekea tezi, kwa kuwa omo iliyozama mno hushika maji, nayo tezi husukumwa na upepo. Hatua ya tatu ni mlingoti: kabari zake zikilegea, nao ukalala nyuma kuliko desturi yake, nguvu ya tanga huhamia tezini na kukigeuza chombo kuelekea upepo. Upepo ukiwa mkali, dawa ni tanga dogo.

Chombo kikikawia kuitika, huangaliwa mwendo wake. Usukani hufanya kazi kwa maji yanayoupita. Chombo kilichokaribia kusimama hakiwezi kugeuzwa. Nahodha hukipa mwendo kwanza, ndipo ageuze. Vilevile, tezi ikinyanyuka kwa sababu uzito wote uko mbele, sehemu ya ubao hutoka majini na nguvu yake hupungua.

Ngalawa ikivuta upande uleule katika kila upepo, hukaguliwa mbao za pembeni zinazoisaidia kuelea. Upande mmoja ukiwa umezama zaidi, umenywa maji au umekaa mshazari, huburuta na kukipotosha chombo. Kamba moja hutumika kupima pande zote mbili, kisha vifungo hukazwa hadi vipimo vilingane.

Usukani ukivunjika safarini

Tanga hushushwa mara moja. Penye kina kidogo hutiwa nanga. Penginepo chombo huongozwa kwa kasia lililofungwa tezini, huku tanga likipandishwa kwa kiasi tu. Kwa hiyo kila chombo kinapaswa kuwa na kasia imara, kamba, na pini ya akiba.

Nahodha asiyeweza kutambua kasoro anashauriwa kumwona fundi au kuwasiliana na viongozi wa BMU wa kijiji chake au Afisa Uvuvi kabla ya kupakia abiria. Safari iliyoahirishwa hufanyika kesho. Abiria aliyepotea baharini harudi.