Shetani Aliyevaa Magwanda

Gitaa linaburuta noti chache nzito, kama mtu anayevuta gunia la saruji sakafuni, na juu yake king'ora kinaanza kulia. Ni king'ora cha wakati wa vita, kile cha kuwaambia wakazi wa mji wazime taa na wajifiche kwa sababu ndege za adui ziko njiani. Mwaka 1970 hakuna mtu mzima wa Birmingham aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mji huo wa viwanda katikati ya Uingereza ulipigwa mabomu na Wajerumani mara nyingi kati ya 1940 na 1943. Vijana wanne waliorekodi wimbo huo walizaliwa miaka michache baada ya vita, wakakulia mtaa wa Aston, ambako viwanja vya michezo ya watoto vilikuwa magofu ya nyumba zilizoangushwa.

Wimbo unaitwa War Pigs, yaani nguruwe wa vita. Ndio unaofungua Paranoid, albamu ya pili ya Black Sabbath, iliyotoka Uingereza tarehe 18 Septemba 1970. Wanaoipenda hevi metali huihesabu albamu hiyo kuwa moja ya nguzo zake. Wasioipenda huitaja kama ushahidi kwamba muziki huo umetoka kuzimu. Mara nyingi pande zote mbili hazijayasikiliza mashairi. Ukiyafuata wimbo baada ya wimbo unakutana na majenerali, wanajeshi walioharibiwa na unga, bomu la nyuklia, kijana mwenye sonona na wahuni wenye mabuti. Shetani yumo, lakini anatajwa mara chache kuliko anavyotajwa kwenye mahubiri ya Jumapili moja.

Aliyeandika sehemu kubwa ya mashairi hayo si mwimbaji. Ozzy Osbourne alitoa sauti na mara nyingi ndiye aliyebuni melodi, lakini maneno yalitoka kwa mpiga besi, Geezer Butler, mtoto wa familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland, aliyekuwa akijifunza uhasibu kabla ya kuuacha kwa ajili ya muziki. Butler alikuwa msomaji mkubwa wa hadithi za kisayansi na wa vitabu vya mambo ya kichawi. Kanisa nalo lilikuwa limemwachia msamiati wa moto, dhambi na hukumu, na msamiati huo aliutumia kusemea mambo aliyoyaona kwenye taarifa ya habari.

War Pigs hapo mwanzo iliitwa Walpurgis. Katika simulizi za kale za Ulaya, usiku wa Walpurgis, tarehe 30 Aprili, ndio usiku wachawi wanapokusanyika kufanya sherehe yao. Butler aliushika usiku huo kama mfano: kwake wachawi wenyewe ni wanasiasa na wakubwa wanaopanga vita mezani, kisha wanawatuma watoto wa maskini wakafe. Kampuni ya kurekodi iliona jina hilo linanuka uchawi mno, likabadilishwa na mashairi yakasukwa upya. Hata hivyo wachawi hawakufukuzwa. Bado wamo kwenye mistari ya mwanzo, na majenerali wanafananishwa nao. Mwishoni inafika siku ya hukumu. Wakubwa wa vita wanatambaa kwa magoti wakiomba msamaha, wamekwisha chelewa, na Shetani anacheka. Mistari hiyo ndiyo iliyowatisha wengi, na ajabu ni kwamba padri yeyote angeweza kuisimulia madhabahuni bila kubadili kitu.

Vita vyenyewe vilikuwa vya Vietnam. Serikali ya Waziri Mkuu Harold Wilson ilikataa kupeleka wanajeshi huko, na Uingereza ilikuwa imeacha kuwaita vijana jeshini kwa lazima tangu 1960, lakini hofu haisomi sheria. Butler amesimulia zaidi ya mara moja kwamba vijana wa rika lake waliishi wakidhani siku yoyote nchi yao ingevutwa na Marekani na wao wakavalishwa magwanda. Wimbo wenyewe, wa karibu dakika 8, ulinenepeshwa kwenye klabu moja ya Zurich, Uswisi, ambako bendi ilipigishwa vipindi kadhaa kwa siku mbele ya watu wachache. Nyimbo zilikuwa hazitoshi, basi kila wimbo ukavutwa. Sikiliza jinsi Ozzy anavyoimba beti: gitaa na besi vinanyamaza kabisa, mpiga ngoma Bill Ward anagonga matoazi peke yake kama saa ya ukutani, halafu bendi nzima inadondoka mara mbili kwa kishindo, kisha kimya tena. Mwishoni kabisa muziki unakimbia na kupanda juu. Si bendi iliyoongeza kasi. Ni mtayarishaji Rodger Bain na fundi sauti Tom Allom walioikimbiza tepu.

Albamu nzima ilikusudiwa kuitwa War Pigs. Picha ya jalada ilikwisha pigwa: mtu mwenye kofia ya chuma, upanga na ngao anachomoka nyuma ya mti usiku, mwili wake ukimetameta rangi. Kisha jambo dogo likaharibu mpango. Studioni, Bain aliwaambia vijana kwamba sahani bado ina nafasi, waongeze wimbo mmoja mfupi. Wengine wakatoka kutafuta chakula, mpiga gitaa Tony Iommi akabaki na gitaa lake. Waliporudi alikuwa na kipande kinachokwenda mbio, tofauti kabisa na mwendo wao wa tembo. Butler akaandika maneno harakaharaka na Ozzy akayaimba akiyasoma kwenye karatasi. Kazi nzima haikuchukua muda mrefu. Wimbo wenyewe haufiki dakika 3.

Wimbo huo wa kujazia ndio Paranoid. Ulifika namba 4 kwenye chati ya nyimbo ya Uingereza, na kampuni, ikiona biashara ilipo, ikalihamisha jina lake hadi kwenye albamu. Mtu wa upanga akabaki jaladani, na hadi leo hakuna uhusiano wowote kati yake na maandishi yaliyo juu ya kichwa chake.

Neno lenyewe linamhusu mtu anayeishi akidhani kila mtu anamwinda. Lakini ukisikiliza wimbo hadi mwisho hulisikii hata mara moja, wala hakuna anayewindwa. Anayezungumza ni kijana aliyeachana na mpenzi wake, asiyeweza kufurahia chochote, anayeona watu wakicheka naye machozi yanamtoka. Hiyo ni sonona. Butler alikuwa akiugua maradhi hayo wakati ambapo mvulana wa mtaa wa viwanda hakuwa na jina la kuyapa, na akiyataja huambiwa akanywe bia na atembeze mbwa. Akashika neno lililokuwa jirani, ingawa halikuwa lenyewe. Dawa ya maradhi haijatajwa kwenye wimbo, na kasi ile ya gitaa huwafanya watu waurukie wakidhani ni wa furaha.

Iron Man nao una msiba wa kutosikilizwa. Iommi alipopiga kipande chake cha kwanza, Ozzy alisema kinasikika kama jitu la chuma linalotembea, na Butler akalitafutia jitu hilo maisha. Mtu anasafiri kwenda wakati ujao, anaona dunia ikiangamia, na njiani akirudi nguvu ya sumaku inamgeuza chuma. Anataka kuonya lakini hawezi kusema. Watu wanampita, wanamcheka. Hasira inampanda, na maangamizi aliyoyaona yanatokea kwa mikono yake mwenyewe. Hana uhusiano na shujaa wa katuni wa Marvel mwenye jina kama lake, ingawa filamu ya shujaa huyo ya 2008 iliwaunganisha kwa kuutumia wimbo mwishoni.

Hadithi hiyo ya mwili na chuma inapigwa na vidole vilivyoonja chuma chenyewe. Iommi, akiwa na miaka 17, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini, kabla ya kuondoka kwenda kupiga muziki Ujerumani, mtu wa mashine ya kukandamizia mabati hakuja, akawekwa yeye. Mchana alikwenda nyumbani kula na hakutaka kurudi. Mama yake akamwambia kazi humalizwa. Alasiri mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Anapiga gitaa kwa mashoto, kwa hiyo hivyo ndivyo vidole vya kubonyezea nyuzi. Msimamizi wake wa kiwandani alimpelekea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyepata sifa duniani huku vidole vyake viwili vikiwa vimeharibiwa na moto. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akafinyanga vikofia viwili vya vidole, akavifunika kwa ngozi aliyoikata kwenye koti kuukuu. Akatafuta nyuzi nyembamba zisizoumiza. Mwaka mmoja baada ya Paranoid, kwenye albamu ya tatu, alianza pia kuzilegeza nyuzi kwenye baadhi ya nyimbo, na mlio ukazidi kuwa mzito.

Wimbo unaostahili kusikilizwa mara mbili ni Hand of Doom. Bendi ilipiga kwenye kambi ya wanajeshi wa Marekani, na waliotoka Vietnam wakasimulia kwamba wenzao wanajidunga heroini kuyasahau waliyoyaona. Magazeti, kwa maelezo ya Butler, hayakuwa yakisema hayo. Wimbo unaanza na besi yake peke yake, polepole, karibu kunong'ona, kama dawa inavyoingia mshipani. Kisha gitaa linalipuka, linatulia, linalipuka tena. Mashairi yanamfuata teja kuanzia sindano ya kwanza hadi kaburini, bila kumpamba na bila kumtukana. Rais Nixon alitangaza dawa za kulevya kuwa adui namba moja wa taifa mwezi Juni 1971, miezi tisa baada ya vijana wa Aston kuliweka jambo hilo kwenye santuri.

Electric Funeral ni mazishi ya dunia baada ya bomu la nyuklia. Mwandishi wake alikuwa na miaka 13 wakati Marekani na Umoja wa Kisovieti zilipokaribia kurushiana makombora kwa sababu ya Cuba. Rat Salad hauna maneno, upo ili Bill Ward atambe na ngoma zake. Wa kushangaza ni Planet Caravan: watu wawili wanaopendana wakielea kati ya nyota, sauti ya Ozzy ikipitishwa kwenye spika inayozunguka hadi inatetemeka kama inatoka chini ya maji. Hapo Ward ameweka magongo kando, anapiga tumba kwa viganja, taratibu, na msikilizaji aliyezoea muziki wa dansi atajikuta nyumbani kwa dakika nne.

Fairies Wear Boots unafunga sahani kwa kisa cha mtaani. Kwa simulizi ya Butler, bendi ilivamiwa na genge la vipara, wale vijana wa Kiingereza wa kunyoa kichwa na kuvaa mabuti, na Ozzy akalipiza kwa kuwaita vijimalaika wa hadithi za watoto. Wimbo hauishii kwenye kisasi. Msimulizi anakwenda kwa daktari kueleza alichokiona, na daktari anamwambia tatizo ni mibangi yake.

Albamu ilishika namba 1 Uingereza. Wahubiri walilaani, na vikundi vya wachawi wa kweli au wa kujifanya vikaanza kuisaka bendi, jambo lililowatia hofu vijana wenyewe kiasi kwamba baba yake Ozzy, fundi wa vyuma kiwandani, aliwatengenezea misalaba ya aluminiamu. Waliivaa shingoni jukwaani, na misalaba hiyo hiyo ikasomwa kama alama ya kumkejeli Mungu.

Tarehe 5 Julai 2025 wote wanne walirudi Aston, kwenye uwanja wa Villa Park, ambako Ozzy alipokuwa mtoto alilinda magari ya mashabiki wa mpira kwa senti chache. Maradhi ya Parkinson yalikuwa yamemnyang'anya miguu. Aliimba ameketi kwenye kiti cheusi cha enzi. Walipiga nyimbo nne, tatu zikitoka kwenye albamu hii, wakianza na king'ora. Siku 17 baadaye alifariki, akiwa na miaka 76. Wimbo wa mwisho aliouimba jukwaani ulikuwa ule wa kujazia nafasi.